Gramu Hamsini na Mbili

Juni 21

Daftari hili nimelinunua kwa ajili ya vipimo. Baba alikuwa na lake, babu alikuwa na lake, na hakuna kati yao aliyeandika humo zaidi ya namba. Mimi nina mdomo. Fundi mwenye mdomo akikosa wa kugombana naye, hugombana na karatasi.

Mvua za kwanza zimeingia Kolkata leo, na leo hiihii nimeitwa Ripon Street kwa Anti Enid Pereira. Ana miaka sitini na tisa. Nusu ya watoto wa mtaa ule wamejifunza piano sebuleni kwake. Namjua tangu nikiwa kimo cha benchi lake, nikimshikia baba tochi. Mwaka jana chikungunya ilimlaza wiki tatu. Homa ikaondoka, ikamwachia vidole vilivyovimba kila kifundo.

"Kamalini, mwanangu, nikipiga dakika tano tu mikono inawaka moto," aliniambia. "Usihangaike. Si piano, ni uzee."

"Anti, uzee sina cha kuupimia. Piano ninacho."

Nikatoa vile vijiwe vya mizani vya sonara tunavyotumia. Unaviweka kimoja kimoja kwenye ncha ya kibonye mpaka kishuke chenyewe, taratibu. Kibonye cha arobaini, karibu na katikati, kilishuka kwa gramu sabini na nne. Sabini na nne! Kanuni ya baba ilikuwa hamsini na mbili, na mji mzima ulikuwa unaijua.

Ndipo akaniambia habari nzima. Mpwa wake Trevor, aliyeko Perth, ameshamwandalia chumba. Hoteli moja mpya inaitaka piano.

"Nani ataipiga hotelini?"

"Hakuna. Wataweka maua juu yake."

Wabebaji watakuja Septemba kumi na nane, kabla ya sikukuu za mwisho wa mwezi. "Nikiwa siwezi kupiga, sina cha kunibakisha hapa, nitakwenda," alisema. "Nikiweza, siendi popote. Trevor atakuja kunizika hapahapa."

Nikamwambia aiambie hoteli ikatafute meza ya kuwekea maua. Akacheka, lakini macho yake hayakucheka.

Juni 22

Mtambo wa ndani, vibonye vyote themanini na vinane pamoja na nyundo zake, uko mezani kwetu, kwenye karakana nyuma ya masonara wa Bowbazar. Baba mdogo Haripada aliuzunguka mara mbili akitafuna tambuu. Ana miaka sabini na tatu, na mimi wa arobaini na nne bado ananiita Buri, yaani kibibi, jina la utotoni.

"Buri, hii kazi aliifanya kaka kwa mkono wake. Haiwezi kuwa nzito."

"Sabini na nne, Baba mdogo."

"Basi ni mvua."

Akachomoa kibonye cha kwanza akanionyesha ubavu wake. Kila fundi wa karakana yetu huandika hapo kwa penseli. Mwandiko wa baba ule pale, umesimama wima kama yeye: B. Sutradhar, 52. Miaka thelathini na moja iliyopita nondo walikuwa wamekula sufu ya nyundo za zamani, baba akaweka nyundo mpya kubwa ili piano ingurume. Marehemu baba hakupenda vitu vinavyonong'ona.

Juni 25

Mvua. Chumvi imegandamana ndani ya kopo. Chumvi ikigandamana, na vitambaa vya ndani ya piano vimevimba, na kila pini inabanwa. Naanza na pini.

Juni 28

Mvua. Pini thelathini.

Julai 2

Mvua. Kibonye cha arobaini: 66. Baba mdogo anasema, "Nilikwambia ni mvua." Leo sikumjibu. Nilikuwa na pini mdomoni.

Julai 6

Pini zote zimelegezwa. 61. Zimebaki gramu tisa, nazo najua pa kuzitoa.

Kibonye cha piano ni kama ile pembea ya ubao ya watoto, huku mmoja, huku mmoja. Upande wa mbele kuna kidole, upande wa nyuma kuna nyundo. Nyundo ikiwa nzito, unatoboa tundu upande wa mbele na kupachika kipande cha risasi, yale madini laini ya mafundi bomba. Risasi inakaa upande wa kidole, inakisaidia. Baba alipachika hivyo kila mahali. Nimehesabu: vibonye vingine vina vipande vitano. Nitaongeza cha sita.

Julai 11

52! Vyote themanini na vinane. Baba mdogo kanunua peremende za maziwa, kagawia masonara wa jirani. "Damu ya kaka hiyo," anawaambia, kana kwamba mimi sina damu yangu.

Julai 13

Naandika nikiwa na hasira, kwa hiyo mwandiko usisomwe na mtu.

Asubuhi tulirudisha mtambo Ripon Street. Anti Enid alivaa gauni la maua na lipstiki, kama anakwenda kanisani. Akakaa, akapiga waltz fupi, akageuka akatabasamu.

"Laini kama siagi, mwanangu."

Nikashuka ngazi naimba. Barabarani nikakumbuka nimeacha mwavuli. Nikarudi. Mlango ulikuwa wazi. Nikamkuta jikoni amezamisha mikono yote miwili kwenye beseni la barafu, macho ameyafumba, midomo imekaza hadi lipstiki haionekani.

Sijui nilipata wapi ujeuri wa kumfokea mtu wa umri ule. "Anti! Kwa nini umenidanganya?"

"Ulikuwa umefurahi mno."

"Mimi sikuja hapa kufurahishwa! Mgonjwa akimdanganya daktari, nani anakufa?"

"Usipige kelele, Kamalini. Majirani."

"Niahidi. Kuanzia leo, ukweli mtupu. Ikiwa nzito, sema nzito. Hata mara mia."

Akatoa mkono mmoja kwenye barafu, mwekundu kama nyanya, akafanya ishara ya msalaba. "Ni nzito," alisema. "Polepole ni nyepesi. Nikitaka kwenda mbio, inanivuta kama mtu ananishika mkono."

"Lakini mizani inasema hamsini na mbili."

"Mizani haijawahi kupiga waltz."

Nikarudi bila mwavuli.

Julai 14

Laini kama siagi. Baba alikuwa anayasema maneno hayohayo kila sikukuu, kila harusi: "Muulizeni Miss Enid! Laini kama siagi, alisema mwenyewe!" Nimelala chali natazama feni na kuyasikia maneno hayo. Sitaki kuwaza ninachowaza.

Julai 20

Mvua. Nimekwenda Ripon Street kupima upya, vyote. 52, 52, 52. Ningekuwa na nguvu ningeitupa mizani kwa sonara mwenyewe.

Julai 23

Mvua. Hakuna.

Julai 28

Leo nimejifunza kazi yangu, nikiwa na miaka arobaini na minne, na maji yamenifika magotini.

Nilikwenda kuuchukua mtambo tena. Mvua ilikuwa imenyesha tangu alfajiri, barabara imejaa, teksi zimekufa katikati ya maji. Katika hali kama hiyo ni riksho za kuvutwa kwa mkono tu zinazotembea, na mimi namjua Ramdhani, ambaye alitoka Bihar akiwa kijana na hajawahi kuvaa viatu mbele yangu. Tukaufunga mtambo kwa nailoni mara tatu tukaupandisha kitini. Ramdhani akausogeza nyuma kidogo, mbele kidogo, kama mama anayemkalisha mtoto, mpaka akaridhika. Mimi nikatembea ubavuni, nimeinua sari.

Karibu na kona, Ramdhani akasimama ghafla. "Dada fundi, shika mipini. Nimekanyaga kitu."

Nikashika. Nilijiandaa kwa uzito: mtambo ule ni mzigo wa watu wawili. Mipini ilikuwa hewa! Ningeweza kuishika kwa kidole kimoja cha kila mkono.

"Kaka Ramdhani, mbona haina uzito?"

Alikuwa ameegemea nguzo anachomoa kipande cha chupa kwenye unyayo. Akacheka. "Haina? Basi tembea."

Nikavuta. Haikusogea. Nikavuta kwa mgongo, kwa makalio, kwa meno. Ikaanza kusogea, polepole, halafu ikanogewa, na nilipotaka kusimama ikakataa kusimama. Ikanisukuma mpaka kwenye mkokoteni wa mwuza mapera. Mapera yakaelea barabara nzima. Mwuza mapera akanitukania ukoo wangu mpaka kizazi cha saba, na alikuwa na haki.

Ramdhani alikuja anachechemea, machozi ya kicheko yanachanganyika na mvua. "Kila abiria anadhani uzito uko kwenye kushika," alisema. "Ukisawazisha mzigo juu ya ekseli, kushika ni bure. Uzito uko kwenye kuondoka na kusimama. Huo hausawazishwi, dada. Huo nauvuta mimi, kwa kifua hiki."

Nilisimama pale katikati ya mapera na nikaanza kucheka kama mwendawazimu. Kuondoka na kusimama! Muziki ni nini kingine? Kila noti kidole kinaondosha kibonye na kukisimamisha, mara elfu katika waltz moja. Vijiwe vyetu vya sonara vinapima mipini ya riksho. Tukiona nyuma kuna uzito, tunaongeza uzito mbele, mizani inaelea, tunaandika 52 na kusaini. Na mwanamke mwenye vidole vibovu anavuta mizigo yote miwili.

Nililipa mapera yote. Nimekula matano njiani.

Julai 29

Nimemwambia Baba mdogo. Nilidhani ataelewa.

"Risasi unataka kuzitoa? Zote?"

"Za kwangu zote, na nyingi za baba. Nyundo nizipunguze unene. Na kile kigozi cha mviringo ambacho mkono wa mtambo hukisukuma ili kurusha nyundo, kiko karibu mno na bawaba. Nikikisogeza nje kidogo, nyundo itanyanyuka kwa nguvu ndogo."

"Buri." Aliitema tambuu, jambo ambalo hafanyi ovyo. "Kaka amekufa mwaka wa nane huu. Piano ngapi mjini zina jina lake?"

"Nyingi."

"Zote zina risasi. Ukisema ile moja ni kosa, umesema zote ni kosa. Umemvua nguo marehemu barabarani."

"Na Anti Enid je? Tumfunge kwenye ndege kwa sababu ya heshima ya karatasi?"

"Miss Enid alisema laini kama siagi! Nilikuwepo!"

"Na kwangu kasema hivyohivyo, Baba mdogo. Kisha nikamkuta na mikono kwenye barafu."

Alitoka bila mwavuli. Mwaka huu miavuli haina bahati.

Agosti 3

Nimekwenda kumuuliza Anti Enid, ana kwa ana. Jumapili, kwa hiyo alinilazimisha kula kwanza: wali wa manjano na mchuzi wa kofta. Nikala. Nikauliza.

Alikusanya punje za wali kwa uma, moja moja.

"Baba yako, Bhupati, alisimama pale," alisema, akaonyesha mlango kwa uma. "Alikuwa amefanya kazi miezi minne. Shati lilikuwa limechakaa kola. Akaniuliza, 'Vipi, Miss Enid?' Wewe ungesema nini? Nilikuwa na miaka thelathini na nane, mikono kama ya mfua nguo. Nikajiambia, Enid, utaizoea. Nikaizoea."

"Miaka thelathini na moja."

"Nguvu nilikuwa nazo, mwanangu. Sikuona hasara kuzitumia."

Nilitaka kumkasirikia baba. Nilijaribu njia nzima. Lakini nilichokuwa nakiona ni ile kola. Alikuwa fundi mzuri ambaye watu walimpenda mno hata wakashindwa kumwambia ukweli, na mizani ikamwunga mkono. Mimi mizani hiyohiyo nimeifuata miaka ishirini, na kwangu hakuna wa kumlaumu.

Agosti 6

Baba mdogo bado hazungumzi. Anakuja, anakaa, anatafuna, anaondoka.

Agosti 9

Majaribio, vibonye vitatu tu, ili nisiharibu vyote.

Cha thelathini na tisa: nimepunguza nyundo kwa msasa pande zote mbili, nikatoa risasi tatu. Afadhali, si sana. Cha arobaini: vivyo hivyo, na kigozi nimekisogeza milimita moja na nusu. Cha arobaini na moja: nikasema liwalo na liwe, nikakisogeza milimita nne.

Cha arobaini na moja ni chepesi kama andazi. Na kinapiga kama andazi. Kibonye kinazama, kinazama, nyundo inafika kwenye kimo cha uzi imechoka. Upuuzi. Nimekirudisha.

Lakini cha arobaini! Nimekipiga mara mia, mbio, nimekipiga kwa kidole kidogo. Kinaondoka unapokiambia na kinasimama unapokiambia. Nimeweka vijiwe: 54. Gramu mbili zaidi ya baba. Kwenye mizani ni kizito zaidi yake, na kidoleni ni kama kitu kingine kabisa.

Nilipoinua kichwa, Baba mdogo alikuwa amesimama mlangoni.

"Njoo upige," nikasema.

"Mimi si mpigaji."

"Piga cha arobaini, halafu piga cha arobaini na mbili ambacho sijagusa. Mbio mbio. Kisha nitukane."

Akapiga. Akarudia. Akapiga tena cha arobaini na mbili, polepole, kama mtu anayebonyeza jipu lake mwenyewe. Akachukua kofia akaondoka.

Agosti 10

Baba mdogo amekuja saa moja asubuhi na keekee ya mkono ya baba, ameipaka mafuta. "Risasi natoa mimi," alisema. "Kama ni lazima zitoke, azitoe ndugu yake."

Nikageuka upande wa dirisha. "Kidole kimoja hakivunji chawa," akasema nyuma yangu. "Usilie, Buri, utalowesha sufu."

Agosti 14

Mvua. Nyundo kumi na nne.

Agosti 17

Mvua. Nyundo thelathini na moja. Vumbi la sufu puani, kooni, kwenye kichuri ya mchana, ule wali wa dengu.

Agosti 21

Gundi haikauki. Vigozi ishirini nilivyobandika juzi vimeteleza vyote, kama konokono. Nimekaa chini sakafuni. Siku ishirini na nane zimebaki.

Agosti 22

Nimechukua kabati la vyombo, nikatoa sahani, nikawasha balbu mbili ndani, nikaweka beseni la mchele mkavu chini. Vigozi vinalala humo siku nzima. Tunakula kwenye majani ya ndizi kama harusini. Gundi inakauka.

Agosti 30

Mvua. Vigozi hamsini na tano.

Septemba 4

Trevor amempigia Anti simu: tiketi iko tayari, aseme tu tarehe. Ameniambia mwenyewe, kwa sauti nyepesi mno. Nikamuuliza umejibu nini. "Nimemwambia fundi wangu ni mkaidi."

Nimefanya vigozi tisa kabla ya chakula.

Septemba 9

Risasi ya mwisho imetoka. Baba mdogo amezimimina zote kwenye mizani ya muuza dengu wa nje. Kilo mbili kasoro robo. Akazishika kwa mikono yote miwili, akazipandisha na kuzishusha, akazipandisha na kuzishusha.

"Hii yote," alisema. "Na Miss Enid hakusema."

Akaziweka kwenye kopo la biskuti, na kopo akaliweka chini ya picha ya baba, pembeni ya ubani. 

Septemba 13

Mvua kidogo. Themanini na vinane, kila nyundo na kila kigozi mahali pake. Sasa ni kulinganisha: kila kibonye kina ulegevu wake, kimo chake, kina chake. Siku nne zatosha kama sitalala mchana.

Septemba 15

Umeme umekatika tangu jana, mtaa mzima uko chini ya maji. Nimepoteza siku na nusu.

Septemba 16

Umeme umerudi saa kumi alfajiri. Nimelinganisha hadi cha hamsini na nane. Vimebaki thelathini. Na kesho ni sikukuu ya Vishwakarma.

Kwa asiye fundi: kesho hakuna nyundo itakayogonga wala patasi itakayokata katika mji huu. Zana zote zinaoshwa, zinapakwa manjano, zinalala mbele ya mungu wa mafundi, na hakuna anayezigusa hadi keshokutwa. Babu hakuzigusa. Baba hakuzigusa hata mwaka ule alipoletewa piano ya gavana. Keshokutwa saa nne asubuhi hoteli inakuja.

"Nitafanya kazi," nikamwambia Baba mdogo.

"Kwa kutumia nini?" akasema, na alikuwa ameshaanza kuzikusanya. Alichukua bisibisi, koleo, tupa. Alichukua hata vile vijiwe vya sonara. Nilimshika mkono. Hakukaza wala hakulegeza. "Buri, kwenye hili hunishindi. Uniue kwanza."

Sikumuua. Lakini nilifikiria.

Septemba 17

Mvua imekata. Juu ya mapaa anga imejaa vishada, watoto wanapiga kelele. Zana zetu zimelala mbele ya sanamu na maua ya manjano, na katikati yake Baba mdogo ameweka kopo la biskuti. Sikuuliza. Risasi za baba nazo ni kazi ya mikono.

Baada ya sala nilikaa mbele ya mtambo, mikono mitupu, nimenuna. Baba mdogo akavuta kigoda akakaa upande wa pili.

"Zana zimepumzika," akasema. "Vidole vyako ni zana?"

"Sijui. Muulize mungu."

"Nimemuuliza. Ananyamaza. Akinyamaza mimi huchukua kuwa ni ndiyo."

Nikaanza kubonyeza. Cha hamsini na tisa, cha sitini. Hakuna mizani, hakuna namba. Nikifunga macho naona kipi kinachelewa kuondoka, kipi kinang'ang'ania kusimama. Kitambaa kilichobana nakikanda kwa kucha. Kibonye kinachokwaruza nakisugua ubavu kwa mchele wa kabatini, kisha kwa kidole, mpaka kinateleza. Baba mdogo ananishikia nyundo za mtambo. Ni kazi ya pole, ya kijinga, na sijawahi kuifanya: siku zote nilitazama kijiwe, sikutazama mkono wangu. Nimefanya kazi miaka ishirini na sikuwahi kuuliza kidole changu kinahisi nini.

Jua lilipoanza kushuka nilifika cha themanini na nane. Vidole vinauma. Nikavitazama nikamkumbuka Anti Enid.

Septemba 18

Saa moja asubuhi, zana zimeamka. Kabla ya kuufunga mtambo kwa nailoni nilichomoa kibonye cha kwanza, na chini ya mwandiko wa baba, bila kuufuta, nikaandika: K. Sutradhar, H. Sutradhar, 54. Baba mdogo alisoma. "Watu wataona umemzidi uzito," alisema. "Waone," nikasema.

Ramdhani alituvuta. Barabara kavu.

Tulimaliza kupachika saa nne kasorobo. Yule bwana wa hoteli alikuwa ameshafika, shati jeupe, wabebaji wanne kwenye ngazi na kamba zao. Anti Enid alikuwa hajavaa gauni la maua. Alivaa koti la nyumbani, nywele hazijachanwa. Sanduku moja jipya lilikuwa limesimama karibu na mlango. Sikutaka kuliangalia.

Akakaa. Akaweka mikono juu ya vibonye bila kubonyeza, akavuta pumzi, akaanza ile waltz.

Niliangalia mikono tu. Dakika tano zikapita. Waltz ikaisha, akaingia nyingine, ya mbio. Wabebaji wakakaa kwenye ngazi. Dakika kumi. Mmoja wao alikuwa anagonga goti. Bwana wa hoteli akatazama saa. Baba mdogo alikuwa amesimama pale mlangoni, palepale, na sikumwambia anasimama pa nani. Dakika ishirini, na mkono wa kulia ukapanda mpaka juu kabisa na kushuka kama maji ngazini, noti kwa noti, zote zipo.

"Madamu," yule bwana akasema, "gari limezuia barabara."

"Basi liondoe, baba," Anti akasema bila kugeuka. "Na maua yako uyaweke kwenye meza."

Walishuka na kamba zao. Aliendelea. Nilihesabu dakika arobaini na moja kabla hajaacha. Mikono akaiweka mapajani, akaigeuza, akaitazama nje na ndani kama ya mtu mwingine. Haikuwa myekundu.

Baba mdogo alikohoa. Nilijua anataka kuuliza swali lile, na nilijua hana ujasiri, kwa hiyo nikauliza mimi.

"Vipi, Anti Enid?"

Alirudisha mkono mmoja kwenye vibonye. Kisha akanyoosha kidole, akabonyeza kibonye kimoja cha juu, mara tatu.

"Hii re ya juu," alisema, "ni nzito."

Nikapiga magoti mbele ya piano nikafungua mkoba wa zana. Sikuona vizuri bisibisi iko wapi. Baba mdogo akanitolea.